Suruali ya Mwimbaji wa Newala

Msimu wa korosho ukifika Masasi, sisi mafundi cherehani hatulali, lakini hatunenepi pia. Wakulima wakishalipwa, mji unachangamka na kila kitu kinapanda bei. Chipsi zinapanda, nyanya zinapanda, hata mwenye nyumba wangu anakumbuka ghafla kwamba bati lake ni jipya.

Mwaka ule nilimlalamikia wifi yangu kwenye simu. Yeye anaishi Newala, huko juu.

"Starehe ya Masasi waachie wenye mashamba," akaniambia. "Njoo huku Jumamosi. Kuna bendi, na wanawake hawalipi kiingilio."

Neno hilo la mwisho ndilo lililonipandisha gari.

Nilivaa gauni langu lisilo na mikono, nililolishona mwenyewe nikalitia shanga kifuani. Wifi akanipokea kavaa koti la sufu na kofia ya kufunika masikio. Alinitazama kuanzia juu mpaka chini.

"Wifi, umekuja dansini au umekuja kuugua?"

Sikumwelewa mpaka jua lilipozama. Baridi ya Newala ikishuka haikuulizi umetoka wapi. Ukumbini watu walicheza na makoti yao, wengine na mablanketi mabegani. Wifi alinionea huruma, akavua kitenge chake kipya alichojifunga juu ya sketi, akanipa nijitande.

Kiingilio kweli hatukulipa, ila ilibidi tununue kinywaji. Tukaagiza soda moja na glasi mbili. Mhudumu alituletea, akasimama pale pale akitusubiri tuone aibu. Wifi akamwambia, "Asante mwanangu, tukiishiwa tutakuita."

Sasa yule mwimbaji wa bendi. Alikuwa na sauti tamu, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwasifu watu mpaka wainuke kumtunza pesa. Akaniona na shanga zangu, na sijui nani alimnong'oneza nilikotoka. "Nimemwona mgeni wetu kutoka Masasi! Tajiri wa korosho!"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Mimi hata mkorosho mmoja sina.

"Inuka," wifi akaninong'oneza. "Nenda kamtunze."

"Kwa kitu gani?"

"Utajua ukifika."

Nikaenda nikicheza taratibu, nikiomba umeme ukatike. Haukukatika. Mwimbaji akajipinda kwa madaha, akashuka chini mpaka magoti yakakaribia sakafu, na hapo nikasikia mlio ninaoufahamu vizuri kuliko muziki wowote. Suruali ilikuwa imeachia nyuma, toka kwenye mkanda kwenda chini. Na yeye alikuwa karibu kuwageukia watu.

Sikufikiri. Nilivua kile kitenge nikamzungushia kiunoni, nikakaza fundo. Watu wakapiga vigelegele, wakidhani ndiyo tuzo yenyewe. Wengine wakaja kumbandika noti usoni.

"Dada, umeniokoa," akaninong'oneza, jasho likimtoka na baridi ile. "Lakini wimbo unaofuata ni wa kuruka."

"Mimi fundi. Twende nyuma."

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na mama mmoja akikaanga chipsi. "Shikamoo mama," nikasema, meno yakigongana.

"Marahaba mwanangu. Sogea motoni, mbona uko uchi hivyo?"

Sindano na uzi havitoki mkobani mwangu. Nikashona pale kwa mwanga wa moto, mwimbaji kakaa kwenye ndoo na kitenge cha wifi kiunoni, anakula chipsi kwa aibu. Yule mama alicheka mpaka akaunguza mayai. Hayo ya kuungua akatupa sisi bure.

Niliporudi mezani wifi hakuuliza habari ya suruali. "Kitenge changu kiko wapi?"

"Kinakuja. Ameshatunzwa mbele ya watu, hawezi kukivua leo."

"Kikija na jasho la mwanamume, utakifua wewe."

Asubuhi tuliamshwa na hodi. Mwimbaji alikuwa ameleta kitenge, kimekunjwa vizuri, na nyuma yake alisimama mpiga gita na shati lisilo na vifungo, na mpiga ngoma kabeba mfuko wa nguo zilizochanika. Wifi akawakaribisha vizuri kabisa, akaenda kuazima cherehani kwa jirani. Kisha akaweka kiti mlangoni, akakaa yeye, na kuanza kupokea malipo kama kondakta.

Jioni nilimwomba hesabu yangu.

"Subiri kwanza," akasema. "Tutoe cherehani, tutoe chai, tutoe na kiti ulichokalia ukishona."

Kilichobaki kilitosha nauli ya kurudi Masasi tu, nayo akanilipia yeye. Alisema nisimshukuru.