Mtu wa Tangi

Nilipokuwa na miaka tisa nilimtafsiria bibi yangu mwisho wa hadithi moja ya televisheni, na niliutafsiri vibaya. Naanza na kosa kwa sababu nikianzia mahali pengine nitajipamba.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani hata wakati huo, picha zake zimefifia, ikirudiwa kila Jumamosi alasiri. Mwanamume mmoja alikuwa na chombo cha kumrudisha katika siku zilizopita. Kilifanana na tangi la maji kama lile lililokuwa juu ya paa letu hapa Garissa, ila lake lilikuwa na mlango na taa. Kila juma aliingia humo akijaribu kuifikia asubuhi moja tu, asubuhi ambayo mdogo wake alipanda gari moshi baada ya ugomvi na hakurudi tena. Kila juma alichelewa.

Mkalimani nilikuwa mimi. Ayeeyo, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kisomali, hakujua Kiingereza, nami nilijua kile cha darasa la tatu. Alikaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha, na kila mdomo ulipofunguka kwenye kioo alinigonga bega.

"Anasemaje?"

"Anasema anarudi jana."

"Na mbona anatoka humo mkavu? Basi hata tangi lao halina maji."

Nilicheka, lakini nusu ya maneno sikuwa nimeyaelewa. Tangu utotoni siwezi kusema sijui. Nikilisema neno hilo nahisi kama nimevuliwa shati mbele ya darasa zima. Kwa hiyo palipokuwa na pengo, nilijaza.

Katika sehemu ya mwisho mtu wa tangi alifika kituoni mapema. Alisimama nyuma ya nguzo. Mdogo wake alikuwa hatua kumi mbele yake, ameshika begi. Mtu wa tangi akasema maneno mengi kwa sauti ya chini, kisha picha ikabadilika. Ndugu wawili wako mezani, wanakula, wanacheka.

"Anasemaje?"

"Amemwita," nikasema. "Amemwita, ndugu yake amesikia, wamerudi nyumbani kula."

Ayeeyo aliinua kikombe chake cha chai, kilikuwa kitupu, akakinywa hivyo hivyo.

Shule sikuimaliza. Kiingereza na Kiswahili nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi isiyo na jalada na kwa maandishi yanayopita chini ya filamu. Sasa kutafsiri ndiyo kazi yangu. Nawasindikiza watu ofisini na hospitalini, siku nyingine hadi kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Barua ya nusu ukurasa naisoma mara sita kabla ya kuitoa mkononi. Naweza kuwa ninakula, nikakumbuka neno nililolitumia juzi, tonge likabaki hewani.

Mwaka huu jirani mmoja alikuja kumwamkia ayeeyo, na mazungumzo yakamfikia abti, kaka ya mama, mwana wa kwanza wa ayeeyo. Sikuwahi kumwona. Kabla sijazaliwa, walipokuwa bado wanafuga huko Griftu, yeye na mama yake walizozana juu ya ngamia jike ambaye abti alimuuza bila kumwuliza mama yake. Asubuhi yake alipanda lori la mifugo, akapotea. Ayeeyo alikuwa ndani anakanda unga. Aliisikia injini ikiwaka.

"Ni qadar, mama," jirani akasema. "Yaliandikwa."

"Yaliandikwa, sikatai," ayeeyo akajibu. "Lakini hata yule mzungu wa tangi aliita. Mimi sikuwa na mdomo?"

Jirani alidhani ni mzaha, akacheka. Mimi niliinuka nikaenda uani, nikasimama karibu na mbuzi kana kwamba nimeitwa nao. Miaka yote hiyo. Mtu wa tangi alikuwa ameita, na yeye hakuita.

Siku hiyo hiyo niliitafuta hadithi kwenye simu. Niliikuta, nikaitazama mwisho wake. Mtu wa tangi hakuita. Alisimama nyuma ya nguzo akijisemea, mdogo wake akapanda, gari moshi likaondoka. Ile meza ilikuwa kumbukumbu tu, chakula cha zamani, kabla ya ugomvi.

Kwa siku tatu nilizunguka na jambo hilo. Nikinyamaza, ataendelea kuubeba mzigo niliomtwika mimi. Nikisema, atajua kwamba mkalimani wake wa kwanza alikuwa mwongo, na labda wa sasa pia. Niliandika daftarini kila neno la sehemu ile. Nilifika kwenye nguzo nikakwama. Sauti yake iko chini mno na gari moshi linaifunika. Nilisikiliza kwa visikizio mara ishirini. Mwishowe niliandika sentensi tatu ambazo huenda alizisema. Zote zilikuwa nzuri. Ndiyo maana ziliniogopesha.

Siku ya nne, baada ya swala ya alasiri, niliiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Ayeeyo akavaa miwani.

"Ayeeyo, kuna uongo nilikuambia zamani."

"Upi? Wako ni wengi."

"Wa mtu wa tangi."

"Ah! Bado yuko hai? Washa tumwone."

Nilitafsiri polepole, neno kwa neno. Hakunitania hata mara moja. Mtu wa tangi akafika kituoni, akajificha nyuma ya nguzo. Gari moshi likaondoka, meza ikaja, nami nikaisimamisha picha.

"Hakuita," nikasema.

"Nani?"

"Mtu wa tangi. Mdogo wake alienda zake. Hii meza ni ya zamani. Mimi ndiye niliyemwita, ayeeyo. Sikuelewa, nikaogopa kukuambia."

Aliinama kukisogelea kioo. Mbuzi walikuwa wakigombania ganda la tikiti uani.

"Ulikuwa mtoto, ayeeyo," akasema. Hivyo ndivyo bibi zetu wanavyotuita, wanaturudishia jina tunalowaita wao. Kisha akanigonga bega. "Na pale kwenye nguzo? Kwa nini hakuita? Anasemaje?"

Zile sentensi tatu zilikuwa mfukoni mwangu, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne. Ningeweza kuchagua mojawapo, na hakuna ambaye angejua.

"Sijui," nikasema. "Gari moshi limefunika maneno yake. Nimejaribu sana. Sijui."

Nilingoja aibu ije. Ayeeyo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio wake.

"Mimi najua," akasema. "Alidhani atarudi jioni."

Nilitaka kumsahihisha. Mtu wa tangi alitoka siku za mbele, alijua vyema kwamba mdogo wake hatarudi, ndiyo maana ya hadithi nzima. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikaikumbuka injini ya lori, nikaufunga.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha. Yule mtu akasimama tena nyuma ya nguzo yake, midomo ikicheza. Niliinamisha bega nikingoja kugongwa. Hakunigonga.