Mbao Zilizobaki Kwangu

Walisema sitaweza. Niliporudi kutoka Kampala na diplome ya ujenzi, nikatangaza kwamba nitajenga nyumba ya simenti mtaani kwetu Majengo, juu ya mawe ya volkano, majirani walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Utachimba msingi na ile karatasi?" aliuliza fundi mmoja mzee. "Jiwe la huku halijui kusoma, Papa Diplome."

Nilijenga. Na niseme wazi: katika njia yetu yote ya nyumba za mbao, hakukuwa na nyumba kama yangu. Lakini walionicheka ndio walioniazima vitu. Yule fundi aliniazima nyundo kubwa, mwingine toroli. Mama mmoja mjane, aliyeongoza maombi kanisani kwetu, aliniazima mbao alizoweka kwa ajili ya jiko lake jipya, nishikilie nazo zege mpaka likauke. Nilipomaliza niliziegemeza nyuma ya nyumba, kila siku nikisema kesho nitamrudishia.

Kisha mlima wa volkano ukapasuka. Moto ulishuka, ukala nyumba ya mama yule na nyingine nyingi, ukasimama karibu kabisa na ukuta wangu.

Kwetu, aliyeokoka husimama kanisani kushuhudia. Nilivaa suti, nikashika mikrofoni. "Nilijenga kwa mikono yangu miwili na Mungu peke yake," nilisema. "Niliomba, na moto ukasimama. Anayemtegemea kweli haungui!" Vigelegele vikapigwa. Yule mama alikaa benchi la mbele, amejifunga kitenge cha kuazima, akiangalia mikono yake.

Mlangoni, yule mama akipita karibu yao, nilisikia wanawake wawili wakiulizana, "Basi mama huyu anayetuombea, aliomba namna gani hata nyumba ikaungua?" Ningeweza kuwanyamazisha. Nilipita, nikipokea pongezi. Jumapili iliyofuata yule mama hakuja. Alihamia mtaa wa Keshero, upande wa ziwa, akafunga turubai kwenye kiwanja cha dada yake, na maombi yakaongozwa na mwingine.

Baadaye vita vikaja. Waasi walipokaribia mji, bomu lilitoboa paa langu mchana. Tulikimbia na watoto, mvua ikitupiga, tukielekea upande wa ziwa. Milango niliyobisha haikufunguka. Kilichofunguka kilikuwa turubai.

"Ingia, Papa Diplome, mvua iko inakuua," alisema yule mama. Aliwapa watoto godoro lake. Kabla ya kula alimshukuru Mungu kwa kutufikisha, akaomba aitunze na nyumba yangu. Niliweka tonge chini.

"Mama, ile siku ku kanisa..."

"Aa! Ile mikrofoni ilikuwa inapiga makelele. Pengine Mungu hakusikia muzuri." Alicheka. "Lakini watu walisikia, mutoto wangu. Na mimi niliomba, mpaka moto ukafika ku mulango. Ningali naomba. Ila ku kanisa, kinywa kinakataa."

Bunduki ziliponyamaza niliomba kushuhudia tena, bila suti.

"Moto uliacha nyumba yangu, sijui kwa nini," nilisema. "Mama yetu aliomba kuliko mimi, na yake iliungua. Wala sikujenga peke yangu. Nilijenga na vitu vyenu, na bado viko kwangu."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Yule fundi mzee akakohoa. "Hata nyundo yangu?" Kanisa lote likacheka, na mimi nikainamisha kichwa.

Alasiri ile ile nilimrudishia kila aliyeniazima. Kwetu chombo hakirudi kitupu, hivyo toroli lilirudi na viazi, na nyundo ikafuatana na maharage. Mbao nilizikwangua simenti, nikazipakia kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, nikaisukuma mwenyewe mpaka Keshero, watu wakinitazama. Mama alizipapasa moja moja. Katika mali yake yote, hizo tu ndizo zilizopona.

"Mungu alizificha kwako," alisema.

Zamani ningekubali. "Hapana, mama. Ni mimi nilizikalia."

"Yote mbili," alijibu, akaniletea misumari. "Haya, pigilia hii turubai mulango. Ao diplome haikufundisha?"

Niliinama, nikaanza kupigilia. Nyuma ya turubai nilimsikia akijaribu sauti, chini kwanza, kisha juu ya kelele za nyundo, akiwaombea wale wanawake wawili wa mlangoni kanisani, kwa majina yao.