Dakika Mbili za Mohinder Kaur

Orodha ya wasemaji niliipanga mimi, katibu wa gurudwara, hekalu letu sisi Wasikh, kwa hiyo lawama hii simgawii mtu.

Mohinder Kaur alipika katika jiko la shule moja hapa Yuba City, California, miaka kumi na tisa, kirpani yake, kile kisu kifupi cha kiapo chetu, ikiwa kiunoni chini ya aproni. Hakuna mtoto aliyewahi hata kuiona. Akaja mkuu mpya, akataka achague: kisu au kazi. Mumewe hajiwezi kitandani, na bima ya matibabu yake inatokana na jiko lile. Tulipomsihi sana, mkuu alikubali kungoja muswada wetu wa kuruhusu kirpani kazini. Ukipita kwenye kamati ya bunge la jimbo, Sacramento, abaki, ukianguka, asirudi.

Kamati ilimpa Mohinder dakika mbili za kusema. Sisi tukaingiwa na majivuno: waende waliokula kiapo tu, kirpani viunoni, wabunge watuone tulivyo. Tukawa ishirini na wawili, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mlango wa bunge una mashine ya kukagua vyuma.

Dereva wa basi alikuwa Kesar, mpwa wake Mohinder, ambaye hakula kiapo na hunyoa ndevu, jambo ambalo sisi wa kiapo hatufanyi. Njia nzima shangazi yake alimsimanga.

"Kinyozi wako anashiba, mwanangu."

"Anashiba, shangazi. Nitamfikishia salamu zako."

Mlangoni, mlinzi alisogeza trei. Visu vyote viachwe.

"Dada, iache kwenye basi," nilimwomba. "Dakika kumi tu."

"Kama ni ya kuachwa dakika kumi, kaka, si ningeiacha jikoni? Nikiingia bila yake, nitawaambia nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mohinder akamkabidhi Kesar karatasi ya hotuba yake, na Kesar akaingia peke yake.

Tulikaa kwenye ngazi karibu saa nzima. Aliporudi hakututazama. Karatasi hawakumruhusu kuisoma, maana hakuwa kwenye orodha yangu. Asiye kwenye orodha hutaja tu jina lake na kama anaunga mkono au anapinga, kisha huondoka. Muswada ulianguka kwa kura moja.

"Ukataja jina?" Mohinder aliuliza.

"Nilitaja lako, shangazi. Watu wakacheka: mwanamume na jina la mwanamke."

Alimshika shavu, lile lile lililonyolewa, akaliachilia taratibu.

"Haya, washa basi," alisema. "Tupitie shuleni nikachukue aproni yangu."