Cheni ya Clement

Wateja wapya wa Verediana walidhani anasali. Akimaliza kuunga cheni ya chensoo, hakumkabidhi mwenye msumeno papo hapo. Aliketi kwenye kigoda chake, akafumba macho, akaipitisha cheni nzima vidoleni, jino baada ya jino, midomo ikichezacheza kama ya mama aliyeshika rozari. Alizaliwa karibu na misheni ya Tosamaganga, na watu wa Mafinga waliolijua hilo walisogea kando kwa heshima wakimsubiri amalize.

Hakuwa akisali. Kila kiungo kilichopita chini ya kidole gumba alikitajia jina moja: Clement. Clement. Clement. Kiungo kikigoma kujikunja, jina nalo lilikwama mdomoni, naye akafumbua macho na kurudi kwenye nyundo.

Zamani alikuwa mke wa mkata miti tu, basi. Mumewe, Ezekia, alikata paina kwenye misitu ya kuelekea Mgololo, na cheni zake alizinunua kwa Clement, mwenye duka la vipuri vya misumeno mjini. Clement aliagiza cheni ndefu, iliyoviringishwa kwenye roli. Mteja akija, aliikata kwa urefu wa msumeno wake, akaziunga ncha mbili kwa kiungo kimoja cha ribiti, ikawa duara. Ni kazi halali na inampunguzia mteja gharama. Ila siku moja duara moja lilikatika msumeno ukiwa katika kasi, likaruka nyuma, likaondoka na vidole vya mkono wa kulia wa Ezekia. Likamwachia gumba peke yake.

Vidole vya mumewe vilimuuma Verediana, lakini si kama maneno. Ezekia hajatoka hata hospitali, Clement akawa anawaambia watu dukani: "Cheni yangu haina tatizo. Jamaa alikuwa kalewa ulanzi, kaigonga kwenye jiwe."

Ezekia, Mlutheri aliyeokoka, mtu ambaye mvua zikianza na mianzi ikigemwa pombe hiyo alizunguka njia ndefu asipite hata karibu na kilabu! Lakini neno lilishika. Bosi wake alilitumia kumnyima msaada. Kanisani waliambiana apumzike kwanza uzee wa kanisa. Na watoto wa mtaani wakampa jina la Mzee Mbeta, kwa kile kipande cha mwanzi kinachokingia ulanzi. Ezekia alilisikia jina hilo akiwa uani, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akawa mtu wa ndani.

Verediana alikwenda msituni, akaiokota ile cheni iliyokatika, akaifunga kwenye kanga, akapanda basi la Mbeya. Huko Mwanjelwa aliishi baba yake mdogo, Aroni, fundi wa misumeno.

Aroni aliigeuza cheni juani. "Mwanangu, hii haikugonga jiwe. Ingegonga, meno yangepondeka. Meno haya mazima. Imekatikia kwenye kiungo. Ona vichwa vya ribiti vilivyolala kama sarafu. Aliyeunga hapa alipiga kama anayepigilia msumari wa kenchi. Kiungo kikibanwa hivi hakijikunji. Kila kikizunguka ncha ya bapa, ubao wa chuma unaobeba cheni, kinalazimishwa, kinapata moto, mwisho kinaachia."

"Kwa hiyo ni Clement."

"Ni nyundo ya Clement."

"Nifundishe, baba."

"Kuunga cheni? Wewe?"

"Nifundishe kuunga mpaka watu wasahau njia ya kwenda kwake."

Alikaa Mbeya mpaka viganja vikawa na sugu. Alijifunza kutoa ribiti bila kupinda kipande cha jirani, kutumia kiungo kipya kila mara na kamwe kutorudia cha zamani, kuhakikisha meno yote yanatazama upande mmoja. Zaidi ya yote alijifunza nyundo ndogo: kugusa kichwa cha ribiti pembeni, kukizungusha, kukigusa tena, mpaka kiwe cha mviringo kama punje ya mtama, kiungo kishike na bado kijikunje kama kidole cha mtoto.

Aliporudi Mafinga akaweka meza yake mkabala na duka la Clement. Cheni iliyokatika akaitundika msumarini, juu ya kichwa chake. Clement akatoka mlangoni, mikono mfukoni.

"Kamwene, shemeji! Unauza vitumbua?"

"Nauza unachouza wewe."

"Haya, Mungu akubariki. Sijui kama wakata miti watataka cheni inayonuka vitunguu."

Watu walicheka. Verediana naye alicheka, akaviringua roli lake la kwanza.

Hakumtukana, hakumwendea kwa mganga, hakumshtaki popote. Aliunga cheni. Mwaka baada ya mwaka aliwaona wateja wa Clement wakisimama katikati ya barabara, wakitazama huku na kule, kisha wakija upande wake, na kila mmoja alikuwa kwake kama kijiko cha asali. Lakini usiku wa furaha hiyo aliporudi nyumbani alimkuta Ezekia amekaa gizani, taa hajawasha, na asali ikageuka shubiri. Wateja wote wa dunia wasingemtoa mumewe ndani. Kilichotakiwa ni Clement afungue kinywa chake mwenyewe.

Siku ikaja. Clement alikuwa amechukua kazi ya kuangusha shamba zima la paina, akaajiri kikosi cha Masanja, Msukuma mkubwa aliyekulia Madibira mashambani mwa mpunga. Cheni mbili za Clement zilikatika wiki ya kwanza. Masanja akazima msumeno, akawatoa watu wake msituni mpaka mjini, wakakaa kwenye gogo mbele ya meza ya Verediana.

"Tajiri," Masanja alimpigia kelele Clement ng'ambo ya barabara, "sisi vidole tunavihitaji! Tununulie za mama huyu, tukate miti yako."

Clement alimtuma msichana wake wa dukani, Tumpe. Verediana akamrudisha kwa upole: "Mwambie aje mwenyewe." Basi akaja mwenyewe.

"Shemeji, biashara ni biashara. Niungie za kikosi kizima."

"Nitakuungia. Ila ya kwanza unga wewe, hapa, wenzako wakiona."

Clement akatabasamu. Aliona ni upuuzi wa mwanamke anayetaka kujionyesha. Akakunja mikono ya shati, akapima, akakata, akaingiza kiungo. Kisha akapiga. Hakujua namna nyingine. Maisha yake yote aliamini kiungo kigumu ndicho imara. Akapiga mpaka meza ikaruka, akafuta jasho, akaitupa cheni mezani. "Hiyo hapo. Ng'ombe wa Masanja hawaikati."

"Ng'ombe wangu hawavai chuma, tajiri," Masanja akajibu, na wenzake wakaangua kicheko.

Verediana akampa Masanja cheni. "Ipitishe vidoleni. Kisha mpe mwenzako."

Ikapita mkono kwa mkono. Kila mmoja alikwama mahali palepale, kiungo kimesimama kama goti lenye baridi yabisi. Kicheko kikafa chenyewe. Ndipo Verediana akaishusha ile ya msumarini, akailaza kando ya mpya. Vichwa vya ribiti vilifanana kama mapacha.

"Hii ni ya Ezekia," akasema. "Sasa, shemeji, funga yako kwenye msumeno wa Masanja. Kata gogo hili walilokalia. Mkono wako wa kulia."

Masanja aliinuka, akausogeza msumeno. Clement alikitazama kile kiungo. Akautazama mkono wake. Hakuugusa msumeno.

"Kwa nini hukati?" Verediana akauliza. "Umelewa ulanzi?"

Clement akarudi nyuma hatua moja.

"Shemeji, tusifike huko..."

"Tumefika siku nyingi. Ezekia alilewa?"

Clement alijaribu kuondoka; wakata miti hawakumpisha. Tumpe alikuwa amesimama mlangoni ng'ambo, na wapita njia wamesimama.

"Hakulewa," akasema.

"Sema kama ulivyosema dukani kwako. Kwa sauti ile ile."

"Ezekia hakunywa! Kiungo kilikuwa changu!"

Wakampisha. Verediana aliwaungia Masanja na wenzake cheni zao jioni ile ile, na akamtaka Masanja apeleke habari kwa Ezekia kwa mdomo wake, apige hodi kwa nguvu jirani wasikie. Jumapili iliyofuata Ezekia alitembea mpaka kanisani, katikati ya barabara, mkono mbovu nje ya mfuko.

Verediana hakusamehe. Duara la Clement alilitundika kwenye msumari uleule, kando ya la mumewe. Mteja mgeni akiuliza ile mpya ni ya nani, humjibu bila kuinua macho kutoka kwenye nyundo:

"Ya Clement. Siku mkono wake utakapothubutu kukata nayo, atakuja kuichukua."