Jicho la Mama Mkwe

Kwetu Usukumani mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Ukimwona anakuja njiani, unachepuka. Akiingia uani, wewe unatokea mlango mwingine. Tangu nioe, mama mkwe wangu nilikuwa namfahamu kwa miguu tu. Miguu mizuri, haina neno.

Sasa akaja kututembelea Bugarama, jicho limevimba, limegandamana kwa tongotongo. Na lilikuwa hilo hilo moja; la pili lilikufa zamani. Mke wangu akampeleka zahanati, wakapewa dawa ya mafuta ya kutia jichoni, kityubu chembamba. Muuguzi akaonya kwamba wakifanya mchezo, jicho hilo nalo litakwenda. Siku ya kwanza mke wangu akamtia mwenyewe. Kesho yake ikaja simu: dada yake kashikwa na uchungu huko Chato. Akapanda basi, akaniachia tyubu pamoja na mama yake. Mimi!

Nikaenda kumwomba jirani, mwanamke mwenzake. Akamchungulia mgonjwa, akasema yeye ana mtoto mchanga, hataki kuambukizwa. Akafunga mlango.

Basi nikawa daktari wa nyuma ya pazia.

"Mayu," nikamwita, maana kwetu mama ni mayu, "nawa mikono. Vuta kope ya chini. Minya kidogo kwa ndani, halafu fumba."

"Tayari, mkwe."

Nikamshukuru Mungu. Jioni nikamsikia anaugulia. Nikachungulia pembeni ya pazia: paji la uso linang'aa, nyusi zinang'aa, mashavu yanang'aa. Lahaula! Bibi wa watu kajipaka dawa kama anakwenda kanisani, na jichoni haijaingia hata chembe. Hapo niliogopa kweli. Nilimwona anapapasa ukuta maisha yake yote, kisa adabu zangu.

"Mayu, naingia."

"Yaya!" akakataa kwa Kisukuma. Kisha akaugulia tena. "Haya, ingia. Lakini fumba macho."

Nikafumba. Nikapapasa, nikaminya.

"Mkwe, hiyo pua."

Nikaomba radhi, nikasogeza mkono, nikaminya tena.

"Na hiyo ni ile ile pua."

Akaangua kicheko. Sikuwahi kumsikia akicheka. "Fumbua bwana, utaniziba pumzi! Jicho lenyewe limefungwa, na likifunguka lina mafuta, naona ukungu mtupu. Sasa kosa liko wapi?"

Nikafumbua. Nikalisafisha kwa maji ya uvuguvugu, nikavuta kope, dawa ikaingia barabara.

Tukaendelea hivyo, asubuhi, mchana na jioni. Uvimbe ukashuka, tongotongo likakoma, nasi hatukuacha, maana muuguzi alisema dawa imalizwe hata jicho likionekana zima. Kila nikimtia namuuliza, "Mayu, unaona?"

"Ukungu tu, mkwe wangu."

Mke wangu akarudi na habari njema za mtoto wa kiume. Akanawa mikono, akachukua tyubu. Mama yake akamzuia.

"Mwache mkwe anitie. Amezoea, na mimi bado naona ukungu." Kisha akanigeukia, akanikazia jicho lake jeupe, safi kabisa. "Ila mkwe, siku ile mnaleta ng'ombe wa mahari, mbona hayo makengeza yako hamkuyataja?"