Jiwe Langu la Kila Asubuhi

Leo nimemshukuru mtu kwa kitu ambacho hakufanya, tena mbele ya watu.

Sisi wazee tuliosoma pamoja miaka ya hamsini tulikutana Thika asubuhi, kuona shule yetu baada ya kubomolewa. Imebaki kifusi tu.

Ile shule tuliijenga sisi. Kila mtoto alileta jiwe moja kutoka mtoni kila asubuhi. Bila jiwe, huingii darasani.

Mwaka mmoja jembe lilinikata mguu, nikashindwa kushuka mtoni. Lakini wiki tatu nzima nilikuta jiwe langu limewekwa mlangoni mwa darasa.

Siku zote nilijua ni Njoroge, jirani yetu. Basi leo nikasimama na mkongojo wangu, nikamshukuru mbele ya wote.

Njoroge akakuna kichwa. "Si mimi, Nyambura. Ni Wairimu huyu hapa."

Nikakaa chini.

Wiki hizo Wairimu, tuliyekuwa naye darasa moja, alichelewa kila siku. Kumbe alikuwa analeta jiwe langu kwanza, halafu anarudi mtoni kuchukua lake. Na monita aliyeandika majina ya waliochelewa, ili wachapwe, nilikuwa mimi.

Nikamuuliza Wairimu, "Mbona hukuniambia?"

Akasema, "Ungeacha kuniandika, na mwalimu angekuchapa wewe na huo mguu."

Tumeokota jiwe moja kwa kifusi. Nimelibeba mwenyewe mpaka kwa gari la Wairimu, na haya magoti yangu mnayajua.

Mliosoma pale, nani aliwabebea lenu? Mtajeni hapa angali hai.

Asante, Wairimu. Leo aliyechelewa ni mimi. Niandike.