Kiroba Kilichogeuka Gunia

Nilianza uwakili wa serikali Bariadi nikiwa mtu mzima, baada ya miaka mingi ya kuendesha mashtaka nikiwa polisi. Siku ya kwanza niliingia ofisini na suti mpya na mdomo wangu. Nikamkuta wakili mfawidhi, yaani mkuu wetu wa kituo, ni kijana ambaye ningeweza kumzaa. Nikajisemea moyoni, haya, leo nimepatikana. Akasimama, akaniamkia shikamoo, akanivutia kiti, kisha akanikabidhi jalada la rufaa.

Mrufani alikuwa Masunga, mfugaji wa Bukundi, amefungwa kwa kukutwa na bangi. Wakili hakuwa naye. Alikuwa na mkewe, Minza, ambaye kila kesi ilipotajwa alikuja mjini na shati la mumewe mkononi, ili akiachiwa asirudi kwao na nguo za gereza. Kila mara alirudi nalo. Bosi, mtu wa kuja kutoka Kagera, alikuwa hampiti kwenye korido bila kumsalimia, "Mwangaluka, mayu," kwa Kisukuma chake cha kubahatisha.

Mimi nilisoma jalada nikaona tumeshashinda. Bosi akaniuliza swali moja tu: bangi ilikamatwa ndani ya nini? Nikarudi kwenye ushahidi. Waliopekua walisema kiroba cha nailoni cha mbegu za pamba. Kielelezo kilichopokelewa mahakamani kilikuwa gunia la katani. Hakuna shahidi hata mmoja aliyeeleza kiroba kiligeukaje gunia.

Tukamwita askari aliyekitunza. Kijana mzuri, mtoto wa wakulima wa pamba wa Sola, akatueleza bila kuficha. Majani yalikuwa mabichi, na kwao pamba yenye unyevu haiachwi kwenye nailoni, inavunda. Unaihamishia kwenye gunia ipumue. Naye akafanya vivyo hivyo, akapiga lakiri upya, ile nta inayofungia kielelezo kisiguswe. Aliyafanya hayo peke yake, ndani ya stoo yenye bangi za kesi nyingine. Alijiona ametunza. Na ingekuwa pamba, kweli angekuwa ametunza.

Nikasema aje aeleze mbele ya jaji, mambo yaishe. Bosi akatikisa kichwa.

"Rufaa si mahali pa kutia viraka, mama. Na hata akieleza, nani atajua kwamba kilichoingia kwenye gunia ni cha Masunga peke yake?"

Huo ndio tunaouita mnyororo wa kielelezo: nani alikishika, alikifungaje, alimpa nani, mpaka kinafika mahakamani. Pete moja ikikatika, huna kitu. Niliujua mnyororo huo tangu polisi, lakini nilikasirika. Kukubali rufaa hadharani kwangu kulikuwa sawa na kuvuliwa nguo gulioni. Bosi akaiona hasira yangu, akasema nitakayesimama ni mimi, kwa sababu polisi watanisikiliza mimi niliyetoka kwao kuliko yeye. Nilimwonea wivu kwa utulivu ule, mtoto mdogo vile!

Siku ya rufaa Masunga alisema tu kwamba sheria haijui, anamwachia jaji. Nikainuka.

"Mheshimiwa Jaji, Jamhuri haiungi mkono hukumu ya mahakama ya chini."

Nikaeleza kiroba, gunia na lakiri. Jaji akafuta hatia, akaamuru aachiwe. Masunga akabaki amesimama, anatutazama kama watu wanaomtega. Bosi ndiye aliyemfuata, akamwambia kwa Kisukuma kilekile aende nyumbani.

Kusema kweli, mpaka leo sijui kama bangi ile ilikuwa yake. Bosi naye hakujua, na hakuthubutu kujifanya anajua. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, wenye sauti na wenye vitambi. Huyo kijana ndiye aliyenifundisha uwakili, wala sioni haya kusema. Waliponiaga nilipostaafu, mawakili wapya waliuliza ni kesi gani ninayojivunia. Walitegemea mauaji. Nikawapa hii, ya mtu niliyemwachia kwa mdomo wangu mwenyewe.

Siku ile, nje ya mahakama, Minza alimpa Masunga lile shati. Likampwaya, gereza lilikuwa limemla. Vifungo vikamshinda, basi Minza akamfungia kimoja kimoja mpaka shingoni, pale pale mbele yetu sote, na hakuna aliyethubutu kuwaharakisha.